Baba amechangia watu tangu 1998, nami nataka kuolewa Unguja



*Mimi ni binti wa miaka 29, Mchaga wa Kibosho niliyekulia Tabata. Mchumba wangu ni Mhaya wa Bukoba na sote ni Wakatoliki. Posa imepokelewa, mahari imetolewa. Kwa miaka mitatu tumeweka akiba ya shilingi milioni 11, na hatutaki kuanza maisha na madeni. Tunataka kufunga ndoa ufukweni Paje, Unguja, tarehe 27 Desemba, kwa kuwa siku hizo kila mtu yuko likizo. Tumepanga watu 60. Picha ninayoiota ni ya jua likizama baharini nyuma yetu. Hoteli imetutajia 180,000 kwa chumba cha watu wawili kwa usiku, na boti kwenda na kurudi tumekadiria elfu 70 kwa mtu.*

*Shida ni familia. Baba wadogo na wajomba wa mchumba wangu walioko Dar wameshaunda kamati. Bajeti waliyopitisha ni milioni 48, watu 350, ukumbini. Watu kumi na mmoja wameshatoa, jumla milioni 1.9. Tuliwaza kuiacha kamati iendelee kuchangisha, halafu fedha zitusaidie kule Unguja. Baba yangu ndiye mgumu zaidi. Tulipomwambia hatutaki sendofu ili kupunguza gharama, alinyamaza siku mbili, kisha akasema: "Nimewachangia watu tangu 1998. Leo mtoto wangu wa kwanza anaolewa, niwaambie nini?" Tangu hapo tunasalimiana tu. Bibi yangu wa Kibosho ana miaka 84. Mama mkwe amesema yeye hatakuja ila anatutakia heri.*

*Shangazi, tunakosea? Na milioni 11 zinatosha?*

*Njia Panda, Tabata*



Nianze na hesabu, kwa sababu ndiyo sehemu nyepesi. Watu 60 ni vyumba 30. Vyumba 30 kwa usiku mbili, kwa bei uliyotajiwa, ni milioni 10 na laki 8. Hapo bado hamjavuka maji, hamjala, na gauni halijashonwa. Kwa watu 60, basi, hazitoshi. Kwa watu 24 zinatosha, tena bila kukopa: vyumba 12 kwa usiku mbili ni milioni 4.32, boti milioni 1.68, na chakula cha sherehe, hata mkikikadiria elfu 45 kwa sahani, ni milioni 1.08. Jumla milioni 7.08. Inabaki milioni 3 na laki 9 ya nguo, pete, mpiga picha, keki na dharura, na dharura hazikosi.

Ninapokea barua nyingi za maharusi wanaotaka kupunguza gharama, na karibu zote zinazungumzia mapambo: maua ya bandia au halisi, viti vivishwe au visivishwe. Hayo ni makombo. Kinachokula fedha ni idadi ya watu, na harusi ya safari inakula zaidi kwa sababu kila unayemwongeza anakuja na nauli yake, kitanda chake na kifungua kinywa chake. Kaa na mchumba wako jioni moja, mwandike majina ya watu ambao wasipokuwepo mtajiona hamjaoana. Yakizidi 24, rika lenu waambiwe mapema, kwa uwazi, kwamba wanaopenda kuja wajilipie nauli na malazi, na sherehe watakula kwenu. Vijana wenzenu wataelewa. Wazazi, bibi na wasimamizi wenu hawalipi hata senti. Mzee hatozwi nauli ya kwenda kumbariki mjukuu wake.

Sasa nije kwenye lililonifanya niichague barua yako.

Mmewaza kamati iendelee kuchangisha, fedha ziwafuate Unguja. Msithubutu. Najua hamkuwaza kwa ubaya, mliona fedha zimeshaanza kutembea mkaona ni hasara kuzizuia. Lakini mchango wa harusi una masharti ambayo hakuna kadi inayoyaandika, na kila mtu anayajua. Jirani anapotoa laki moja, amejinunulia kiti yeye na mkewe. Pia amelipa deni la siku ile mlipomchangia, na ameweka akiba ya siku mwanawe atakapooa. Yote matatu yamo ndani ya noti zile kumi. Ukizichukua ukaenda nazo Paje bila yeye, kiti umekiuza na mwenyewe umemwacha mlangoni. Hatakushitaki. Atanyamaza, na baba yako ndiye atakayekutana naye kila wiki kwenye jumuiya.

Wapo wanaosema michango imekuwa mzigo, na wana haki ya kusema hivyo. Mtu anaunganishwa kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa, kila asubuhi orodha ya waliotoa inabandikwa upya, na ambaye jina lake bado lina sifuri anaona haya kuifungua simu. Mfanyakazi wa mshahara wa kawaida anapata kadi tatu au nne kwa mwezi. Kijana anayesema "mimi sitaki kuolewa kwa jasho la watu wasionijua" namuunga mkono kwa moyo wote. Ila anayejitoa kwenye michango ajitoe kikamilifu. Huwezi kula cha watu kisha ukawanyima ubwabwa.

Kwa hiyo milioni 1.9 irudi, yote, kwa watu wote kumi na mmoja, kabla hamjalipia hata chumba kimoja. Mchumba wako ndiye ampigie kila mmoja kwa sauti yake, awashukuru, awaeleze kwamba harusi itakuwa ndogo na ya mbali, kisha awarudishie fedha pamoja na gharama ya kuzitoa. Wawili watatu watamwambia abaki nazo ziwe zawadi. Hizo sasa ni zawadi kweli, azipokee. Kwa kamati, aende kwanza nyumbani kwa mwenyekiti, akiwa na baba mdogo anayemheshimu, kabla ya kikao kinachofuata. Habari ya namna hii haitumwi kwenye kundi. Wale wazee walitoa jioni zao kukaa vikao kwa ajili yenu, wanastahili kusikia kwa heshima kwamba wamepumzishwa.

Nije kwa baba yako. Nimeyasoma maneno yake mara kadhaa, na sioni mahali alipoikataa Unguja. Amesema amewachangia watu tangu 1998. Hesabu mwenyewe, mwanangu: ni mabinti wangapi wa wafanyakazi wenzake amewatoa nyumbani kwao kwa heshima, misiba mingapi amelala kwenye turubai, kadi ngapi alizozilipia mwezi ambao ada yako ya shule ilikuwa inadaiwa? Miaka yote hiyo alikuwa akijua kwamba ipo siku nao watakuja kwake, wakae, wale, wamwone akimtoa binti yake. Nanyi mkamwambia siku hiyo imefutwa ili kupunguza gharama.

Sendofu haikuwa yenu kuifuta. Kwa desturi yetu hapa mjini, harusi ni ya upande wa bwana harusi, na sendofu ni ya nyumba ya binti. Ni sherehe ya baba na mama, kwa kamati yao, kwa watu wao. Mmeuza ng'ombe asiye wenu. Na uzuri wa jambo hili, ambao sijui kwa nini hakuna aliyewaonyesha, ni kwamba ndani ya sendofu ndimo ilimo suluhu yenu. Mrudishie baba sherehe yake. Aalike wa tangu 1998, wachange, wapate viti vyao, wacheze, wakukabidhi majiko na majokofu. Nawe uwe binti yake jioni hiyo bila kununa. Baada ya hapo, hata ukienda kuolewa Unguja mbele ya watu 24, hakuna atakayesema mzee aliwakwepa.

Sharti langu ni moja, nalo lishikeni kwelikweli: hata shilingi moja ya sendofu isivuke kwenda Unguja. Daftari la baba libaki la baba. Ukimwomba afanye ya kiasi, omba mara moja kwa adabu, kisha mwachie. Na usimtumie mama kupeleka ujumbe. Nenda mwenyewe, jioni akishaoga na kula, mwambie, "Baba, nimekuja kuomba radhi kuhusu sendofu. Ni yako." Mengine yatakuja yenyewe.

Sasa Paje. Hapa nitakuvunja moyo kidogo, ili fedha zenu zisije zikavunjika zaidi.

Paje iko pwani ya mashariki. Jua kule linachomoza baharini. Jioni linazama upande wa bara, nyuma ya minazi. Picha unayoiota haipatikani pale kwa mpiga picha yeyote. Isitoshe maji ya upande ule hupwa mbali sana. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari inaweza kuondoka hata ukahitaji kutembea kitambo kirefu kuifuata, na mtabaki na mchanga wenye maji ya magotini na mashamba ya mwani ya akina mama wa kijiji. Kwangu mimi ni mandhari ya kupendeza sana, ila si ile uliyoilipia. Wanaotaka jua lizame baharini hutafuta pwani ya magharibi, kama Kendwa, au Mji Mkongwe wenyewe, ambao unatazama machweo.

Halafu kuna paroko. Ninyi ni Wakatoliki. Kanuni ya 1118 ya Sheria za Kanisa inataka ndoa ya Wakatoliki ifungwe kanisani. Mwenye mamlaka ya kuruhusu mahali pengine panapofaa ni askofu wa mahali, na msijenge mipango juu ya ruhusa ambayo hamjaipata. Anayewauzia "kifurushi cha ndoa ya ufukweni" anauza viti, tao la maua na mtu wa kusoma maneno matamu. Mkirudi Tabata mtajikuta mbele ya Kanisa hamjaoana.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: achaneni na Paje, fungeni ndoa Mji Mkongwe, katika Kanisa la Mtakatifu Yosefu, lile wenyeji waliitalo Minara Miwili. Lilijengwa kati ya 1893 na 1898, katikati ya vichochoro, na ukitoka mlangoni unafika Forodhani kwa miguu kabla ya harusi nzima kumaliza wimbo. Bibi wa miaka 84 hatakanyaga mchanga wenye joto kwa viatu vya ibada. Hamtakodi Kosta ya kuvuka kisiwa. Nyumba za kulala wageni za mjini nyingi ni za bei ya chini kuliko hoteli za ufukweni. Ulizeni kadhaa, mtaje idadi ya vyumba mnavyotaka kwa pamoja, maana anayechukua vyumba 12 kwa mkupuo ana sauti ya kuomba punguzo. Jioni mpige picha ukutani Forodhani, jua likizama baharini mbele ya macho yenu. Kesho yake anayetaka kuogelea aende ufukweni kwa nauli yake.

Ili paroko wa kule awapokee, mnahitaji barua ya ruhusa kutoka kwa paroko wa nyumbani, vyeti vya ubatizo vilivyotolewa karibuni, vyeti vya kipaimara, mafundisho ya ndoa yaliyokamilika na matangazo. Hayo huchukua miezi. Muulizeni pia kuhusu usajili wa serikali. Sheria ya Ndoa ya 1971, ile ya notisi ya siku 21 ambayo watu wa Bara tunaikariri, haitumiki Zanzibar. Wao wana sheria zao na ofisi zao, na cheti chenu kitatoka kule.

Tarehe pia ibadilike. Krismasi na Mwaka Mpya ndiyo kilele cha bei Unguja, na hoteli nyingi siku hizo hazikubali mgeni wa usiku mbili. Lakini ninashangaa zaidi kuona binti wa Kibosho akipanga harusi baharini tarehe 27 Desemba. Mwanangu, siku hiyo ukoo wako wote uko mlimani! Nani atamtoa bibi kwake wakati nyumba imejaa wajukuu na ng'ombe ameshachinjwa? Aprili na Mei ni masika. Bei hushuka, ila mvua haina huruma na baadhi ya hoteli hufunga. Kwaresima mnaijua wenyewe. Ramadhani iacheni ipite, kwa heshima ya wenyeji, na kwa kuwa hata chakula cha mchana kitawasumbua. Mimi ningechagua mwanzoni mwa Juni: masika yameisha, kilele cha Julai na Agosti hakijafika, na mkimaliza Unguja mnaweza kupanda na mumeo hadi Kibosho kwa misa ya shukrani na mbege, bila kamati.

Lakini Juni ni kusi, na mkondo huwa na mawimbi. Safirini siku moja kabla ya ndoa, kamwe isiwe asubuhi ileile, maana boti huahirishwa hali ya hewa ikichafuka na padri hatawasubiri. Nunueni dawa za kichefuchefu. Gauni libebwe mkononi. Msisafirishe MC na mpambaji kutoka Dar. Watu 24 hawahitaji MC, baba mdogo mmoja mwenye ulimi mzuri anatosha. Maua chukueni ya kule: akina mama wa Unguja wakikusukia vikuba vya asumini, mlangilangi na mrehani, hutatamani tena waridi la kuletwa kwenye barafu. Chakula kiwe pilau au biriani la wapishi wa mjini. Ngoma zianze baada ya Isha, na jirani wa msikiti aulizwe kabla. Kama kuna ndugu mwenye pasi ya nje, afahamu kwamba boti atalipia nauli ya wageni, iliyo ya juu zaidi, na kwamba tangu Oktoba 2024 Zanzibar humtaka mgeni wa kigeni awe na bima ya safari inayotolewa kulekule, iliyoanza kwa dola 44 kwa mtu mzima.

Nimelibakiza jambo ambalo wewe umeliandika kwa sentensi moja tu, nalo limenikeshesha.

Mama mkwe amesema hatakuja ila anawatakia heri. Hakugomba, hakutaja gharama, hakusema mila zimevunjwa. Mama wa Kihaya anayeozesha mtoto wa kiume anakubali kuikosa ndoa yake kimyakimya, nanyi mkaendelea na hesabu za vyumba. Simfahamu mama huyo na sitamsemea. Ila ninajua alikotoka. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, iliyokuwa imeondoka Bukoba jioni iliyotangulia, ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Katika Bukoba ni nyumba chache ambazo hazikumpoteza ndugu, jirani au mtu waliyesoma naye. Na kama amefuatilia habari za huku kwetu, anakumbuka pia Julai 2012, MV Skagit ilipozama ikitoka Dar kwenda Unguja. Kwa mtu kama huyo, neno "boti" kwenye mwaliko huenda limefunga mlango kabla hajafika kwenye jina la mwanawe.

Huenda si hivyo. Huenda ni magoti, au ni nauli ya kutoka Bukoba ambayo anaona aibu kuitaja, au amenuna kama baba yako. Anayeweza kuuliza ni mwanawe peke yake, tena isiwe kwa ujumbe wa simu. Apande basi aende. Akae naye siku mbili, amsaidie shambani, kisha amuulize. Kama ni bahari, ndege kutoka Dar hadi Unguja inaruka kwa takriban dakika 20. Mkatieni tiketi yeye na dada wa kumshika mkono, zitoke kwenye ile milioni 3 na laki 9, na hilo liwe tumizi la kwanza kuandikwa, kabla ya gauni.

Na akisema hapandi hata ndege kupita juu ya maji yale, basi mimi ningeiacha Unguja. Bagamoyo iko kilomita 70 hivi kutoka Dar, kwa barabara tupu. Misheni ya mapadri wa Roho Mtakatifu ipo pale tangu 1868, kuna kanisa, kuna mwembe, kuna ufuko, na nyumba za wageni si za bei ya kutisha. Fedha ya boti itabaki yote, mtaongeza watu wachache kwenye orodha, na mama atafika akiwa amekaa kwenye kiti cha gari. Jua la Bagamoyo nalo linachomoza baharini, kwa hiyo picha yako itabidi ipigwe alfajiri.

Mpigie mchumba wako leo, umuulize kama amewahi kuona mama yake akipanda meli. Hoteli yoyote isipokee malipo ya awali mpaka arudi kutoka Bukoba.

Shangazi